Kuku wa Fundi Shee

Alhamisi, baada ya isha

Yule si kuku wangu. Nilipovunjika mguu tukicheza mpira na watu wa reli, Fundi Shee, muunga mifupa, alileta kuku akamvunja wake pia, akatufunga mabanzi sote wawili, kisha akamchukua kuku kwake. "Akitembea yeye, nawe utatembea." Nilimtazama vizuri: alikuwa na doa jeupe bawani.

Leo kamrudisha, anakwenda mbio. Mweusi tititi, hana doa lolote.

"Mama, huyu ni mwengine!"

"Usimdhanie mtu mzima vibaya, mwanangu. Kesho usimame, kama alivyosema."

Mguu bado waniuma hata nikiugusa tu.

Jioni tumekula mchuzi wa kuku, zawadi ya Fundi mwenyewe, kauleta umeshapikwa. Mama kanichagulia paja. Mfupa wake ulikuwa umevunjika katikati, haujaunga.