Mgongo Wangu na Mikono ya Didace

Jumatano, 9 Julai 2025

Nimefika. Hoteli inaitwa Utulivu Spa, na iko Makanyagio katikati ya grosari mbili, mashine ya kusaga na kanisa lenye spika nne. Aliyeipa jina ana utani sana.

Ezekia, mwanangu mkubwa, kalipia siku nne. Anasema ni kwa ajili ya mgongo, maana tangu mavuno ya mpunga sijainama nikainuka bila kuwataja watakatifu. Asante mwanangu. Ila mimi si mtoto. Jumapili wageni wa posa wanakuja nyumbani Mwamkulu kwa ajili ya Agape, binti yangu wa pekee, na familia nzima inataka siku hiyo nifike nikiwa laini.

Simu wamenichukua! Inakaa kwenye kikapu mapokezi mpaka saa kumi na mbili jioni, ati nipumzike. Basi naandika. Nimekuwa katibu wa akina mama kanisani miaka kumi na tisa, mkono haukai bila kaunta buku.

Na kwa kuwa hapa hasomi mtu: nitakataa. Kijana anaitwa Yohani, wa Mishamo, kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi. Simjui na sitaki kumjua. Agape kanionyesha picha yake mara tatu, mara tatu nimegeuza uso. Kazi yake sijauliza. Ukishamjua mtu, kumkataa kunakuwa kazi ngumu. Sisi wazazi wetu waliswaga ng'ombe kutoka Meatu mpaka huku. Kwao yeye kuna maharage na baiskeli. Yaishe.

Chumbani kuna jagi la maji yenye vipande vya tango. Nimeyala matango. Dada wa mapokezi kasema yale yalikuwa ya ladha tu. Nikamwambia ndiyo, ladha nimeiona, ila chumvi hamna.

Saa kumi na moja jioni. Naandika haraka kabla hasira haijapoa. Nimeingia chumba cha kukandwa na joho lao la taulo — mwanaume! Kijana mrefu, beji kifuani DIDACE. Nikauliza wanawake wameisha Mpanda? Akajibu kwa adabu kwamba dada Séverine anarudi Ijumaa. Nikasema basi na mimi nitarudi Ijumaa. Nikageuka kwa maringo, mgongo ukanikamata palepale, nikabaki nimening'inia kwenye kitasa.

Akaniegemeza mpaka kitandani, kanifunika mataulo manne, nikawa gunia la mpunga lenye dirisha dogo mgongoni. Halafu akauliza: "Unaumwa wapi hasa, mama?"

Swali hilo halijanitoka. Nina miaka thelathini na moja na Masunga. Mume mwema, ugomvi hana, na ng'ombe wake anajua kila mmoja anachechemea mguu upi. Mimi hajawahi kuniuliza naumwa wapi. Anasema "pole" akiwa ameshapita.

Na mikono ile jamani! Imekwenda penyewe. Spa wanapiga filimbi na sauti ya mto, grosari inapiga singeli, nami katikati nimekoroma. Aibu ndogo, usingizi mkubwa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeinama kuvaa viatu. NIMEINAMA! Nikavivua, nikainama tena.

Jana jioni simu ilipotoka kikapuni nilimpigia Masunga nikamwambia nimepata fundi wa mgongo. Akasema vizuri, na ng'ombe mwekundu kazaa. Leo nimemwomba Didace namba yake, kaniandikia kwenye kikaratasi. Jioni nitamtumia Masunga, na wifi yangu Pudensiana mwenye magoti mabovu. Kitu kizuri si cha kula peke yako.

Leo alipokuwa ananikanda nimemuuliza kwao wapi. Mishamo! Nikacheka mpaka taulo moja likaanguka. Nikamwambia kuna kijana wa kwenu huko anataka kuniharibia Jumapili. Nikamwaga yote: Agape wangu anayeuza kwenye duka la dawa, huyo Yohani wake, posa, na jinsi nitakavyokataa mbele ya watu ili iishe moja kwa moja.

Chupa ya mafuta ikaanguka. Kasema kitu kwa Kirundi. Nikauliza vipi, akasema mafuta yanateleza. Sawa, ndiyo kazi ya mafuta.

Nikamuuliza kama anamfahamu huyo Yohani. Anamfahamu kidogo. Ni mtu wa namna gani? Akapanga mataulo upya. "Wa kawaida tu, mama." — Umeona? Hata mtu wa kwao kashindwa kumsifu!

Ijumaa, 11 Julai

Siku mbaya. Kaletwa Séverine. Mtoto mzuri, ila anakanda kama anafuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Nikauliza Didace yuko wapi. Ana udhuru. Udhuru gani, wakati asubuhi nimemwona anaanika mataulo?

Nikaenda kwa meneja na joho langu na kandambili zao. Nikasema mwanangu kalipia mikono, si vumbi. Meneja akaenda nyuma, nikasikia wanabishana. Didace akasema hawezi. Meneja akasema mteja ni mteja.

Akaja. Kavaa glavu za mpira! Kanifunika mataulo sita, dirisha limebaki la ukubwa wa sahani ya chai. Na kwenye kioo nikamwona: kageukia ukuta, macho kafumba. Nikajua anasali. Kijana mcha Mungu kiasi hicho, na bado hakosei msuli!

Nikamwambia kutoka moyoni: "Ningekuwa na binti mwingine, ningekupa wewe." Akakohoa sana. Akasema, "Mama, naomba—" Nikamwambia omba tu mwanangu, huku mimi nasinzia.

Jumamosi, 12 Julai

Mungu wangu. Mungu wangu.

Niende kwa mpangilio. Saa tano nilikuwa korido, nimepakwa udongo wa kijani uso mzima, ati wa kurudisha ujana. Agape akaingia kuniletea kitenge cha kesho. Wakati huohuo Didace akatokea upande wa pili na ndoo. Wakaonana. Wakasimama kama watoto waliokutwa na mkono kwenye sukari.

Nikasema, Agape, huyu ndiye fundi niliyewasimulia. Mwanangu akapiga magoti hapohapo kwenye vigae. "Mama, nisamehe. Huyu ndiye Yohani."

Yohani Didace! Jikoni kuna Yohani mwingine, kwa hiyo hapa wanamwita kwa jina la baba yake. Ezekia alichagua hoteli kwa kupita njia tu, hakujua. Mimi ningejua kama ningeangalia ile picha hata mara moja. Kichwa changu!

Nilivuta joho nikajifunika kichwa. Yeye akatupa ndoo akakimbilia chumba cha kufulia. Maana kwetu mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Hali naye meza moja. Akimwona njiani anapinda kona. Na huyu siku tatu ananikanda kiuno kwa mafuta ya nazi! Na mimi nimekoroma mbele yake! Masunga akijua sijui atacheka au atahama. Pudensiana akijua, itajua Katavi yote.

Baadaye kidogo nikasikia mtu anakohoa nje ya mlango wangu. Hakubisha. Kaongea kwa sauti ya chini:

"Mama, nilijua Alhamisi, ulipomtaja Agape. Usiku nikampigia. Nilitaka kuacha, ila mgongo ulikuwa nusu. Ningekuacha pale, ungerudi umeharibika zaidi."

Akaendelea: "Kesho jibu unalo wewe. Ukikataa sitakulaumu. Na mgongo ukikurudia, njoo tu. Nitakuwa si mkwe wako, nitakukanda."

Akaenda zake. Nikakaa kitandani nikilia, na ule udongo umeshakauka, kila nikilia unapasuka.

Nimeomba, halafu nimepiga mahesabu ya kijinga. Nikikubali, mikono ile sitaipata tena mpaka nife. Nikikataa, ninayo, ila Agape ataniangalia kila siku kwa macho yale ya kwenye vigae.

Na ukweli wenyewe si maharage wala baiskeli. Naogopa ile nyumba bila Agape. Ezekia yuko mjini na mambo yake. Masunga yuko na ng'ombe. Anayeniona nimeshika mlango asubuhi akaniletea kiti bila kusema kitu ni Agape peke yake. Nitabaki na nani?

Kesho sijui nitasema nini.

Jumapili, 13 Julai

Naandika nimelala kifudifudi kwenye mkeka, chumbani kwangu, Mwamkulu. Pazia tu ndilo linanitenga na sebule iliyojaa wageni. Nimemwomba wifi Pudensiana daftari, kaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nisipoandika, nitapiga kelele.

Walifika saa nne, wamependeza. Mshenga wao, mzee Telesfori, anaongea huyo! Kaanza na mvua ya mwaka jana, kapita kwa maaskofu, ndipo akafika kwa Agape. Kijana alikaa mwisho wa benchi, macho kwenye vidole vya miguu yake. Mimi macho kwenye dari. Siri ya watu watatu.

Masunga akasema yeye hana neno, mama wa binti ndiye aseme. Watu wote wakanigeukia. Agape alikuwa mlango wa jikoni, kashika mwiko kwa mikono miwili.

Nikasema: ngojeni kwanza niepue wali.

Mwoga mimi! Wanawake saba jikoni, wali uepuliwe na mimi? Nikainama na sufuria la kilo nane vilevile Didace alivyonikataza. Kah! Mgongo ukakamata. Wakanibeba wanne kama kabati mpaka humu.

Pudensiana kanisugua kwa mafuta ya taa, nimemfukuza. Masunga kaingia, kasimama, kasema pole. Halafu akili ikamjia: "Yule fundi wako! Namba si ulinitumia?"

Nikapiga kelele, usipige! Akapiga.

Simu ikaita sebuleni. Mlio wa kwaya, tena wenye vigelegele. Inaita, inaita. Masunga akachungulia pazia. Akarudi na simu bado sikioni.

"Mama Ezekia. Fundi wako yuko kwenye benchi langu."

Pudensiana alielewa kabla yake. Kashika kichwa. Mkwe kamkanda mama mkwe! Atafutwe mbuzi wa kuondoa mkosi, waitwe wazee, aibu gani hii! Mzee Telesfori anauliza kwa upole kama kuna tatizo. Agape jikoni analia, au anacheka, kutoka huku sijui.

Masunga yeye ni mtu wa mifugo. Kitu kikiumwa, kinatibiwa. Katoa kichwa nje ya pazia: "Kijana, ingia umkande, mbuzi baadaye."

"Haingii!" Pudensiana huyo. "Akiingia, posa imekufa. Akitaka kuwa mkwe, abaki hukohuko. Chagueni!"

Nikasikia hata wali unavyotokota. Na mimi — niandike tu, nimeshaanza kusema ukweli — mimi mgongo uliomba aingie. Moyo ukaomba asiingie.

"Baba, mimi siingii," akasema kijana.

Kachagua kabla yangu. Nimeuma mkeka.

"Ingia wewe, baba. Mimi nitakuelekeza kutoka hapa. Nimegeukia ukuta."

Basi Masunga kapiga magoti. Namsikia anavyohema. Mikono yake ni ya kushika pembe, sijui kama anajua kuna kingine cha kushika.

"Kaa kushoto kwake," sauti inatoka nyuma ya pazia. "Vidole gumba viwe pembeni ya uti, usikandamize juu yake. Ila muulize kwanza."

"Nimuulize nini?"

"Muulize anaumwa wapi."

Masunga kasafisha koo kama anayetaka kuhutubia kijiji.

"Mama Ezekia. Unaumwa wapi hasa?"

Hapa kalamu imeniponyoka, Pudensiana kaingia kaniokotea. Miaka thelathini na moja! Na amefundishwa na mtu aliyegeukia ukuta.

"Chini kidogo," nimemwambia.

Mzee Telesfori anakohoa mara ya tatu, anataka jibu apeleke kwao. Wali unaanza kunukia kuungua. Masunga anakanda polepole, anaogopa kuniumiza, kila hatua anauliza: hapa? Hapa je? Amepapata kabisa panapouma. Nimemwambia bado, endelea kutafuta.