KIKAO CHA DHARURA KUHUSU WAYA WA MANJANO WA SINTHESAIZA

UMOJA WA MUZIKI WA UMEME, KIZOTA – DODOMA

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Kamati kilichofanyika Jumamosi tarehe 16 Novemba 1996, nyumbani kwa Katibu, chumbani, kuanzia saa 9:20 alasiri.

Kikao kiliitishwa na Katibu ili aeleze jambo alilolificha kwa miaka mitatu na miezi minne, nalo ni kwamba tundu lililoandikwa kwa ajili ya waya wa manjano katika kumbukumbu za tarehe 3 Julai 1993 silo lililotajwa na Ndugu Sila Mahinyila. Kwa jambo hilo Ndugu Sila alifukuzwa uanachama.

WALIOHUDHURIA
1. Ndg. Ebenezer Chilongani – Mwenyekiti
2. Ndg. Fabian Mbogoni – Mtunza Vifaa
3. Ndg. Elieth Ndahani – Mjumbe
4. Ndg. Respicius Rugaimukamu – Katibu (kitandani)

MWALIKWA
Ndg. Sila Mahinyila – fundi redio, aliyekuwa mwanachama

WASIOHUDHURIA
1. Ndg. Jordan Masaka – yuko Kongwa, anatayarisha shamba
2. Ndg. Yudith Mlewa – alisema hawezi kukaa chumba kimoja na Ndg. Fabian, hasa kikiwa kidogo

KUMB. NA. 1/96: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi. Alieleza kwamba madaktari wa hospitali ya Mvumi wamemrudisha Katibu nyumbani na hawakumpangia tarehe ya kurudi, hivyo wajumbe waseme kwa ufupi. Katibu aliomba radhi kwa mwandiko, kwa kuwa anaandika akiwa amelala kwa ubavu. Ndg. Elieth alijitolea kuandika badala yake. Katibu alikataa.

KUMB. NA. 2/96: UTARATIBU WA MASHINE
Kwa faida ya atakayesoma baadaye, Katibu alikumbusha chanzo cha jambo. Umoja una sinthesaiza moja ndogo, yaani mashine ya kutengeneza milio kwa umeme, ya ukubwa wa mkoba wa mwalimu, iliyoachwa na mwalimu wa kigeni aliyekuwa akijitolea hapa mjini. Ina vibonyezo vichache, swichi za kuzungusha, na upande wa kulia matundu ya kuchomeka nyaya. Hulia hata bila waya, kwa kuwa ndani imekwisha kuunganishwa. Lakini waya ukichomekwa, sauti huacha njia ya ndani na kupita njia mpya. Haihifadhi chochote. Nyaya zikichomolewa, mlio umepotea.

Kwa sababu hiyo Kamati iliazimia mwaka 1992 kwamba kila mlio mpya uandikwe katika kumbukumbu za kikao, waya kwa waya na swichi kwa swichi, kisha usomwe na kuthibitishwa kikao kinachofuata. Iliazimiwa pia kwamba hakuna mwanachama atakayechomeka waya kinyume na kumbukumbu zilizothibitishwa. Pendekezo hilo lilikuwa la Katibu.

KUMB. NA. 3/96: MAELEZO YA KATIBU
Katibu alieleza kwamba tarehe 3 Julai 1993 Ndg. Sila aliwasilisha mlio alioutafuta kwa miezi kumi na mmoja. Ulikuwa mlio wa mvua inayokuja kutoka mbali. Ulipopigwa, Ndg. Elieth alitoka nje kuanua nguo. Ndg. Elieth aliomba jambo hilo lisirudiwe. Mwenyekiti aliagiza libaki, kwa kuwa ni ushahidi.

Kisha Ndg. Sila alitaja nyaya na Katibu akaandika. Wiki iliyofuata kumbukumbu zilisomwa na kuthibitishwa. Ndg. Sila hakuwapo, kwani alikuwa Mvumi akimuuguza mama yake. Tarehe 17 Julai, siku ya onyesho, Ndg. Fabian alichomeka nyaya kwa kufuata kumbukumbu, na Ndg. Sila alifika ukumbini wageni wakiwa wamekwisha kuketi. Aliutazama waya wa manjano, akasema si wake. Ndg. Fabian alimwonyesha karatasi yenye saini mbili. Mashine ilipowashwa ilitoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, mfululizo, kwa dakika nne. Wageni walicheka. Tarehe 24 Julai Kamati iliamua kwamba Ndg. Sila alitaja tundu la uongo makusudi ili mlio ubaki wake peke yake.

Katibu alieleza kwamba Ndg. Sila hakutaja tundu la uongo. Alitaja tundu la tisa. Kumbukumbu zinasema tundu la kumi na sita.

Katibu aliomba pia liingizwe jambo lililoachwa katika kumbukumbu za tarehe 3 Julai. Ndg. Sila alipokuwa akieleza kwamba mashine haihifadhi kitu, alisema: "Ukichomoa waya, imesahau kila kitu. Kama Mzee wetu hapa." Katibu alikuwa amesoma ajenda moja mara mbili siku hiyo. Wajumbe wote walicheka, na Mwenyekiti alichelewa kunyamaza. Kicheko hicho hakikuandikwa wakati ule. Kinaandikwa sasa.

KUMB. NA. 4/96: MAELEZO YA NDUGU SILA
Ndg. Sila alimsalimu Katibu shikamoo. Katibu aliitikia marahaba.

Ndg. Sila alieleza kwamba tangu onyesho lile anaitwa Mbuzi. Wateja hawamletei redio, wakisema fundi aliyeharibu mashine ya wageni hataiacha salama ya mtu maskini. Ameondoa kibao cha duka, kwa kuwa watu walikuwa wakichora pembe juu yake. Mama yake alifariki mwaka jana, na kwenye msiba alimsikia mwombolezaji akiuliza kama huyo ndiye mama yake Mbuzi.

Ndg. Fabian alisema watu wa Kizota wana utani tu. Ndg. Sila alijibu: "Basi nikupe wewe hilo jina, Fabian, ulitanie mpaka Krismasi."

Ndg. Fabian alisema pia kwamba jambo hili limepitwa na wakati. Siku hizi maduka yamejaa vinanda vyenye milio mia, mvua ikiwamo, kwa kibonyezo kimoja. Ndg. Sila alisema: "Hiyo ya kibonyezo inanyesha popote. Yangu ni ya huku. Inakuja, inakuona, inageuka."

KUMB. NA. 5/96: KUJARIBU MASHINE
Mwenyekiti aliagiza mashine, ambayo ilikuwa imefungiwa kwake tangu mwaka 1993, iwekwe juu ya meza ya dawa. Ndg. Fabian aliuliza kama ni halali kuchomeka tundu la tisa kabla kumbukumbu hazijarekebishwa. Mwenyekiti alimwomba anyamaze.

Ndg. Sila alichomeka nyaya bila kutazama karatasi. Alianza na sauti kama ya redio isiyoshika stesheni, akaizungusha polepole mpaka ikawa upepo, kisha vumbi, kisha matone ya kwanza juu ya bati la jirani. Ilisogea. Ilifika karibu kabisa na dirisha, ikasimama, ikaondoka. Evodia, binti wa Katibu, ambaye alikuwa jikoni na hakuwa anajua ajenda, alionekana akikimbia uani kuingiza shuka za mgonjwa zilizoanikwa.

Kamati iliona kwamba ushahidi umetosha.

KUMB. NA. 6/96: MAAZIMIO
(a) Katika kumbukumbu za tarehe 3 Julai 1993, "tundu la 16" lisomeke "tundu la 9".
(b) Ndg. Sila arudishiwe uanachama na akabidhiwe mashine. Ndg. Fabian alitaka pingamizi lake liandikwe. Limeandikwa.
(c) Mwenyekiti atangaze sokoni kwamba Ndg. Sila hakuwa na hatia. Kuhusu jina la Mbuzi, Mwenyekiti alieleza kwamba Umoja hauna mamlaka juu ya midomo ya watu.
(d) Ndg. Elieth alipendekeza, na wote wakaafiki, kwamba jambo hili liitwe kosa la uandishi lililotokana na uchovu wa Katibu, ambaye ni mzee na amelitumikia taifa vizuri. Ndg. Sila alisema: "Mzee wangu, mtu akichoka amechoka. Yameisha." Alimshika Katibu mkono. Katibu aliliandika azimio hilo.

KUMB. NA. 7/96: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 11:05 jioni. Ndg. Sila aliondoka na mashine akiwa ameipakata. Wajumbe walikunywa chai.

E. Chilongani
Mwenyekiti

Maelezo ya Katibu kabla ya kusaini:

Nasaini yote yaliyo juu isipokuwa maneno "kosa la uandishi" na "uchovu" katika KUMB. NA. 6/96 (d). Nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na mmoja, na najua tofauti ya kosa na jambo lingine. Rasimu niliyoiandika kwa mkono Ndg. Sila akitaja nyaya ninayo. Imo chini ya mto, na Evodia atampelekea kesho. Humo pameandikwa tundu la tisa. Nakala safi niliiandika kesho yake asubuhi, nikiwa nimelala vizuri na nimekunywa uji. Nilipofika kwenye waya wa manjano nilisimama kidogo. Sikuwa nimesahau. Nilikumbuka ni tisa, nikaandika kumi na sita.

R. Rugaimukamu
Katibu