Fomu Niliyomjazia Baba Yenu

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu, kipasheni moto tu. Nguo zianueni mkiona mawingu.

Baba yenu ametoka asubuhi bila kuaga, na ana haki. Kwenye masomo yangu ya ualimu mkuu tunafundishwa kukagua walimu darasani. Jana, eti najizoeza, nikamjazia yeye fomu ya ukaguzi akimfundisha Kitindamimba hesabu: “Sauti kubwa, subira haba.” Nikaisahau hapa mezani, akaikuta leo wakati wa chai ya asubuhi. Penye “Maoni ya mkaguliwa” ameandika: “Mkaguzi hajala nasi tangu Jumatatu.”



Mwambieni narudi ~~saa mbili, baada ya kikundi~~ saa kumi na moja. Wenzangu wa kikundi cha masomo watajijua. Sahani yangu iwekeni karibu na yake.

Mama yenu