Wadudu wa Tangi Namba Mbili

Alhamisi. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi, na mvua yenyewe hainyeshi. Nimefua koti langu la maabara mara mbili na bado sijatulia. Nikikaa nasimama. Nikisimama natoka nje, nafika dukani, nasahau nilichofuata, narudi.

Ni siku ya kazi, nami niko nyumbani Mkuyuni. Meneja ameniambia nipumzike mpaka nitakapoitwa.

Sijazoea kupumzika. Na sistahili.

Acha niandike tangu mwanzo, labda kichwa kitatulia.

Mimi ni mpimaji wa maabara katika kiwanda kidogo pale Nyakato. Tunachukua karatasi chakavu, magazeti, madaftari ya shule, maboksi yaliyochanika, tunaloweka na kusaga mpaka vinakuwa uji, kisha tunatengeneza maboksi mapya. Wanunuzi wetu wakubwa siku hizi ni viwanda vya minofu ya sangara. Kiwanda kilipokuwa cha serikali, maji machafu yalimwagwa na mapya yakavutwa kila siku. Tangu kiuzwe kwa mwekezaji, maji yale yale yanazungushwa wiki nzima. Ni ya vuguvugu, yamejaa wanga na nyuzi za karatasi. Kwa bakteria hiyo ni karamu.

Wafanyakazi wanawaita wadudu.

"Dokta, wadudu wako wameamkaje?" Mzee Magesa alikuwa akiniuliza kila asubuhi, nikishamwamkia. Ni mtu wa upande wa Musoma, amesafisha matangi yale tangu kiwanda kilipofunguliwa. Mimi si daktari wa chochote, lakini sikuwahi kumsahihisha. Nilipenda kuitwa hivyo.

Wiki iliyopita mgao wa umeme ulitunyima umeme siku tatu mfululizo. Mapanga ya kukorogea yakasimama, na uji ukalala ndani ya tangi namba mbili bila hewa. Nilipochota sampuli na kuiotesha, sahani zangu za maabara zilijaa vidoti vyeusi. Nawajua hao. Hawataki hewa, na wakila wanatoa gesi inayonuka kama yai viza. Ikiwa kidogo inakera tu. Ikizidi inaua pua kwanza, husikii tena harufu yoyote, halafu inamuua mwenye pua.

Ijumaa nikampelekea meneja ripoti. Aliisoma akiwa amesimama.

"Koku, Jumatatu watu wa minofu wanakuja kukagua. Unataka waone karatasi hii?"

"Lakini ndivyo ilivyo, bosi."

"Andika nyingine."

Nikaandika nyingine. Niliandika "hali ya kawaida," nikagonga muhuri, nikasaini jina langu kamili. Ile ya kweli nikaifungia kwenye droo. Hakunitishia. Hakupandisha hata sauti. Nilikumbuka tu wenzangu waliopunguzwa kiwanda kilipouzwa, wengine walionizidi elimu, na mkono ukaandika.

Jumatatu uji ulitolewa ili tangi lisafishwe kabla wageni hawajafika. Saa mbili asubuhi nilipita karibu yake. Ile harufu iliyotusumbua siku zote zile sikuisikia.

Nilisimama pale. Nilijua inaweza kuwa na maana gani.

Nikajiambia nitamwonya msimamizi wasiingie kabla ya kupuliza hewa. Lakini msimamizi alikuwa ameongozana na meneja, na sikutaka meneja anisikie nikitaja habari za tangi. Nikasema nikanywe chai kwanza, wakiachana nitamfuata.

Ndiyo. Nilikwenda kunywa chai.

Kikombe kilikuwa hakijafika nusu niliposikia makelele. Nikakimbia. Mzee Magesa alikuwa ameteremka kwa ngazi na ndoo yake na brashi, na kabla hajafika chini akaachia mikono, akaanguka kama gunia. Deo, fundi mitambo, alikuwa tayari ameingiza mguu mmoja. Nikamkumbatia kiunoni, nikamvuta nyuma kwa uzito wangu wote.

"Niache! Mzee anakufa!"

"Ukiingia mtakufa wawili! Fungueni mlango wa chini! Leteni mpira wa kompresa!"

Mlango wa chini ulikuwa umefungwa kwa nati, na nati zilikuwa na kutu. Deo alizishambulia kwa spana huku akinitukana, nami nikautumbukiza mpira wa hewa kwa juu, uso nimeugeuzia pembeni, nikiwa nimebana pumzi. Sijui zilipita dakika ngapi. Kila nati iliyodondoka niliisikia. Mwishowe wakamshika miguu, wakamburuta hadi nje kwenye upepo. Alikuwa na rangi ya majivu. Deo akampulizia pumzi mdomoni, mara ya kwanza, ya pili, sijui ya ngapi. Mzee akakohoa.

Wakampakia kwenye pikapu, wakampeleka hospitali. Yuko hai.

Jumanne meneja aliniita nisaini maelezo ya tukio. Yalisema mfanyakazi aliteleza kwenye ngazi. Ningependa kuandika kwamba nilimjibu kwa ushujaa. Ukweli ni kwamba machozi yalinitoka mbele yake.

"Nimeshasaini uongo mmoja, bosi. Wa pili siwezi."

Nikaenda kuitoa ripoti ya kwanza kwenye droo, nikaiweka juu ya meza yake. Hapo ndipo aliponiambia nikapumzike.

Jana nilikwenda wodini. Mke wa mzee, Mama Nyangeta, alinishika mikono yote miwili mbele ya wagonjwa. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Wameniambia bila wewe ningekuwa mjane." Wagonjwa wengine wakaitikia amina.

Nami nikaitikia amina.

Sikulala vizuri, sikula vizuri. Leo mchana nimerudi. Mzee alikuwa amekaa kitandani, macho bado mekundu, anakunywa uji wa ulezi. Nikawaambia wote wawili, kwa mpangilio huu huu nilioandika hapa: vidoti vyeusi, ripoti mbili, harufu iliyopotea, chai. Sikuruka kitu. Mama Nyangeta aliondoa mkono wake uliokuwa begani kwangu. Hakuuondoa kwa hasira. Aliuondoa tu, akaanza kukunja kanga iliyokuwa imeshakunjwa.

Mzee Magesa alimaliza uji wake kwanza.

"Ulipita pale mimi nikiwa natafuta brashi," akasema. "Nilikuona. Ungeniambia mimi, binti. Si lazima msimamizi. Ungesema tu, mzee usiingie, nisingeingia."

Hilo halikuwahi kunijia akilini: kwamba ningeweza kumwambia yeye mwenyewe. Nilikuwa nikitafuta mkubwa wa kumwambia, na mkubwa nisiyemwogopa hakuwepo.

Nilimwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sikumlazimisha.

Nikiwa natoka nikakutana na Deo mlangoni, amekuja kumwona. Ameniambia meneja amepanga kesho wasafishe tangi namba tatu. Limelala bila kukorogwa siku zile zile. Nimemwambia yote ninayoyajua, na ameahidi hataingia. Lakini kuna watu wa zamu nyingine ambao hawakuwepo Jumatatu.

Mvua imeanza sasa. Ninaandika huku natembea, sentensi moja, kisha dirishani, kisha nyingine.

Wadudu hawana kosa lolote. Tuliwapa chakula na joto, tukawafungia hewa, nao wakaishi wanavyojua.

Zamu inaingia saa moja asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa nimesimama nje ya geti, kwenye barabara isiyo ya meneja. Kila mwenye ndoo na brashi nitamwambia mwenyewe, kwa jina lake.