Jasho la Mpiga Gitaa

Mpenzi wangu Mama Neema,

Jumapili iliyopita nilikwenda Westville kuwaona wale wapiga rock ya kusini mwa Marekani, wale uliotaka twende tangu ulipokuwa bado una nguvu za kupanda ngazi za nyumba yetu hapa Greyville. Neema alinipeleka kwa gari lake. Sijamsimulia mtu mwingine. Habari hii ni yako kwanza.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa unapika kwenye kantini ya madereva wa malori kule Clairwood, na mzee mmoja wa Kizungu alikuwa akiegesha lori lake chini ya dirisha lako la jikoni, muziki ukiwa juu. Jioni moja ulirudi unacheka. "Baba Neema, leo nimesikia magitaa matatu yanagombana kama mawifi, halafu mwishoni yanapatana!" Yule dereva akakupa CD, na nyumba yetu haikutulia tena. Mimi niliyekulia Bujumbura na rumba nilisema hizo ni kelele. Ukanikalisha, ukaniambia nisikilize gitaa la pili, lile lisilojionyesha. Nikasikiliza. Tangu siku hiyo sikubisha tena.

Lakini kinachonijia zaidi akilini ni wewe kwenye kumbi za harusi. Kwetu mpiga gitaa akikufurahisha unainuka kwenda kumtuza, na wengi humbandika noti kwenye paji la uso. Wewe ulikuwa ukienda na leso ukimfuta jasho, taratibu, kama anavyofutwa mtoto mwenye homa, naye akiendelea kupiga. Kwenye harusi ya binti wa jirani yetu Mkongo ulinivuta mkono. "Inuka, wewe mwanaume! Mtu anatoka jasho kwa ajili yako, na wewe umekaa kama mjumbe wa kamati." Meza nzima ikacheka. Nikakwambia nitainuka wimbo ujao. Ukaenda peke yako, na vigelegele vikakusindikiza. Wimbo ujao ulipokuja nilikuwa bado kitini. Nimeishi katika nchi za watu muda mrefu mno, nimezoea kukaa mahali ambapo hakuna anayenitazama.

Bendi ile ni ya watu wa hapahapa Durban. Tangazo lao la kwanza tuliliona pamoja, limebandikwa ukutani karibu na uwanja wa mbio za farasi. Ulisema twende. Nikasema mwakani, ukishapata nafuu. Nilisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, nikiamini mwakani ni kitu tulichonacho.

Basi Jumapili tukakaa kwenye nyasi, kati ya watu waliokuja na viti vya kukunja, moshi wa nyama ukitupita usoni. Magitaa yalikuwa matatu, kama ulivyopenda. Lile la pili alilipiga mzee mwenye ndevu nyeupe. Unalijua joto la Durban. Jasho lilikuwa likimwingia machoni, akawa anafumba jicho moja na kukunja uso, mikono yote miwili iko kazini. Nikajikuta nimesimama.

"Papa, unaenda wapi?" Neema akaniuliza. "Choo iko huku nyuma."

"Siendi chooni. Nakwenda kumfuta jasho yule mzee."

"Eish, Papa! Hapa watu wanapiga makofi tu. Kaa, tafadhali."

Nilikaribia kukaa, nakiri. Kisha nikaenda. Mbele ya jukwaa mlinzi akanizuia, kijana mrefu, na aliposikia Kiingereza changu akahamia Kiswahili cha Kongo.

"Mzee, iko shida gani?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika kofia.

"Kama kwetu! Lakini hawa hawajui hiyo kitu, Papa. Atafikiri unamkaba." Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Enda mbio. Mimi sikuona."

Jukwaa lilifika magotini tu. Yule mzee alipouona mkono wangu alishtuka, kisha akaelewa. Akainamisha kichwa, nami nikamfuta paji la uso na macho kwa kitambaa changu, vidole vyake visikosee wimbo hata kidogo. Nyuma yangu watu wachache walipiga makofi, bila kujua hasa wanampigia nani. Nikarudi mahali pangu.

Kumbe ni rahisi, Mama Neema. Hilo ndilo lililoniuma njia nzima ya kurudi. Nilidhani kuna ujasiri mkubwa uliokuwa nao wewe ambao mimi nilinyimwa. Hakuna. Ni hatua chache na kitambaa. Mara zote zile ulizopita katikati ya ukumbi ukiwa peke yako, ningeweza kuwa kando yako.

Walipomaliza, yule mzee alishuka akatutafuta kwenye nyasi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema amepiga gitaa tangu ujana wake na hakuna mtu aliyewahi kumfanyia vile. Akauliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwa mke wangu. Uso wake ukang'aa, akaanza kutazama huku na huku kati ya watu waliokuwa wakikunja viti. "Yuko wapi? Nataka kumshukuru na yeye."

Neema aliinamisha macho. Mimi nilimtazama yule mzee, furaha aliyokuwa nayo, nikashindwa kumwambia. Nilisema leo hukuja.

Pumzika kwa amani, mwenzangu.

Mumeo,
Baba Neema