MC wa Sherehe za Manesi

Wairimu, acha chochote unachofanya usome hii.

Nimetoka interview ya kuingia chuo cha nursing sasa hivi. Bado niko kwa gari, hata kuiwasha nimeshindwa.

Unajua ule mzaha wangu nikiwa MC wa sherehe za graduation? "Nesi mwingine tena! Jamani, Minnesota hii atabaki nani wa kuugua?" Miaka tisa nimechekesha watu nao. Miaka tisa!

Sasa naingia na suti yangu, nakuta watu watatu mezani. Wa katikati ni Joan. JOAN, Wairimu! Yule tuliyemfanyia sherehe Columbia Heights, mamake akatoka Kisii kuja kusikia mzaha huohuo. Kumbe siku hizi anafundisha hapo chuoni.

Nikatoa hotuba yangu: ni kweli benki imenifuta kazi, lakini moyo wangu ulikuwa kwa wagonjwa tangu zamani.  Nilipomaliza, Joan akaniuliza kwa upole, kwa Kiingereza safi: "Bwana Eliakim, kwa maoni yako, Minnesota bado kuna watu wa kuugua?"

Wenzake wakaandika. WAKAANDIKA! Walidhani ni swali la maana. Nami nikajibu, eti wazee wanaongezeka kila mwaka. Jasho lilinitoka hadi kwa soksi.

Mwishowe akanisindikiza hadi mlangoni, akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Ukiingia, usihangaike kutafuta MC. Mimi nipo."

Niombee, Wairimu. Lakini sijui nikwambie uombe nipite ama nianguke.