Maji Imekuja

Jumanne, 5 Novemba 1996
Nimetoka kiwandani saa kumi, nikanywa chai iliyopoa, nikamfungulia Njoroge mlango. Ni fundi wa redio kule mtaa wa Tena, na kinanda tunachotumia ni chake. Tunarekodi kwetu mtaa wa Umoja, Mama akiwa sokoni, kwa sababu jirani wa kibanda cha Njoroge ni mchomeleaji vyuma, kelele tupu. Mitambo yetu ni redio kaseti mbili. Besi ya fanki, ngoma za disko kutoka kwenye kinanda, halafu juu yake sauti yangu ya kwaya. Njoroge anasema haijulikani huu ni muziki gani. Vizuri.

Alhamisi, 7 Novemba
Mara ya tisa kurekodi. Sauti imetoka yote, hata ile noti ya juu iliyokuwa ikinikwepa. Kufika mwisho, Mama Otis wa mlango wa pili akapiga kelele: "Maji imekuja! Maji imekuja!" Imeingia kwenye kanda, wazi kabisa. Njoroge alitaka turudie. Nimekataa. Siwezi kuimba vile tena. Na ndivyo tunavyoishi hapa, wiki nzima bila maji, halafu kelele. Ibaki.

Jumamosi, 9 Novemba
Nilimpa Wanjiru wa saluni iliyo mbele ya ploti yetu kanda. Nilimwomba aipige kwa sauti ya chini. Akaweka spika mlangoni. Saa sita mchana wapangaji wote wa ploti wakatoka mbio na mitungi, makarai, hadi sufuria yenye ukoko wa ugali. Bomba kavu. Mbele kabisa, Mama Otis, ameitwa na sauti yake mwenyewe. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Wao hawakucheka. Kufika jioni kila mtu alijua anayeimba ni nani.

Jumapili, 10 Novemba
Mwalimu Wafula wa kwaya alinisubiri nje ya kanisa. Mama Otis ameshamfikishia habari.

"Akinyi, sauti ya Bwana huwezi kuipeleka disko. Lete hiyo kanda tuichome, na uombe kwaya msamaha. Ama urudishe joho la kwaya."

Miaka kumi na moja niko kwenye kwaya hiyo. Sina kitu ninachokipenda zaidi. Nimelia nikiosha vyombo. Na nina hasira. Nikiimba madhabahuni sauti ni ya Mungu, nikiimba sebuleni ni ya shetani? Hilo sikubali.

Jumatano, 13 Novemba
Mama anasema niombe tu msamaha, yaishe. Joho alinishonea yeye. Inaniuma. Lakini msamaha wa nini? Bomba sikulikausha mimi. Njoroge ametoa nakala sita. Nimeandika jina langu kamili kwenye kila kanda, na la baba yangu pia, asije mtu akauliza ni Akinyi yupi.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimelipiga joho pasi, nikalipeleka kanisani. Mwalimu Wafula alilipokea, akanyoosha mkono mwingine apewe kanda. Nimempa joho tu.

Jumapili, 17 Novemba
Nimeketi benchi la nne, na Mama. Kwaya iliposimama, nami nikasimama pale pale, nikaimba sauti ya pili, yote. Mwalimu Wafula aligeuka mara moja, kisha akaendelea kuongoza. Muumini akiimba kwenye benchi lake hanyamazishwi. Wanawake wawili wa sauti ya pili kwenye kwaya wakaanza kunifuata mimi. Mama hakuniangalia. Alinisogezea kitabu cha nyimbo, ingawa anajua sikihitaji.